Kinyume cha Kununa

Mwezi huu nilikuwa nimepanga kukuandikia mambo ya fungate za bei nafuu, ila mada hiyo itasubiri. Nimerudi juzi kutoka Kilole, pale Korogwe mkoani Tanga, na kuna neno binti yangu alilisema uani kwa bibi yake ambalo limenikaa kooni mpaka leo. Wacha nilitoe, nipumue.

Naanza mwanzo. Binti yetu ana miaka minne na miezi yake. Siku moja nimekwenda kumchukua chekechea, mwalimu akaniita pembeni. Kwa ile sauti ya upole inayotisha kuliko ukali, akaniambia, "Mama, anaendelea vizuri, ila vinyume bado."

Mwenzangu, nilizipokea habari zile kama majibu ya hospitali. Jioni ile ile nikapita Kariakoo kununua chati ya ukutani, zile za picha: tembo na panya, twiga na kuku, jua na mwezi, mvulana na msichana. Nikaibandika sebuleni pembeni ya televisheni, nikashika mwiko kama fimbo ya mwalimu. Mimi na digrii yangu ya mawasiliano, mtoto wa miaka minne atanishindaje?

Alinishinda.

"Kinyume cha kubwa?"

"Tembo."

"Kinyume cha mchana?"

"Kulala."

"Kinyume cha ndiyo?"

Hapo akafikiri kidogo. "Subiri kwanza."

Baba yake alikuwa chumbani na kompyuta yake. Angesikia angecheka, na mimi ningecheka naye. Lakini siku zile tulikuwa hatuongei. Hilo nitalirudia, usiwe na haraka.

Nilikuwa na siku tisa za likizo. Nikamwambia kila mtu kwamba mtoto amemkumbuka bibi yake, nikafunga begi, tukapanda basi la alfajiri. Chalinze tukanywa chai. Segera, pale njia zinapogawanyika, moja ya Tanga na nyingine ya Moshi na Arusha, binti akaamka kuuliza kama tumefika. Mchana tukashuka Korogwe na jua lake, tukachukua bodaboda mpaka Kilole. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, kanga moja kiunoni, nyingine kichwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Na mume wangu yuko wapi?" Ndivyo anavyomwita mwanawe akiwa na furaha.

"Kazi zimembana, mama. Atakuja Jumamosi."

Akanitazama. Hakusema kitu.

Mama mkwe wangu ni Msambaa aliyezeekea Kilole, na Kiswahili chake ni kile cha Tanga, cha "wataka nini" na "waenda wapi". Nilipomweleza habari ya vinyume na chati, aliitazama ile karatasi (ndiyo, nilikwenda nayo!), akaikunja vizuri na kuiweka juu ya kabati. Haikushuka tena.

Siku ya pili mahindi yalikuwa yameanikwa uani juu ya turubai. Mchana wingu likaja ghafla kutoka upande wa milimani. Bibi akapiga kelele, "Anua! Anua!" Watoto wa majirani wakatoka kila kona, na wangu katikati yao akiwa na kiungo kidogo. Kila mmoja akizoa, akikimbiza ndani. Mvua ikashuka punje za mwisho zikiwa mlangoni. Usiku, nimemlaza, akanong'ona, "Mama, bibi alianika. Mimi nikaanua."

Nikakaa kitandani nimeduwaa. Neno hilo sikumfundisha mimi. Kusema kweli, hata mimi nalitumia mara chache. Dar tunasema "toa nguo kwenye kamba", basi.

Nikaanza kufuatilia. Asubuhi bibi anatandua kitanda, mtoto anamsaidia kutandika. Anateleka chungu, kikiiva anaipua. Mabinti wa jirani wanatoka kuteka maji: mmoja anasema "nitwike", wakifika anasema "nitue". Mkeka unakunjuliwa jioni, unakunjwa usiku. Mbuzi anafungwa, anafunguliwa. Hakuna aliyesema "sasa tunajifunza vinyume". Kila kazi ya nyumba ile ilikuwa na kwenda na kurudi, na kila safari ilikuwa na neno lake.

Hapo ndipo nilipokumbuka utajiri tulionao kwenye lugha yetu, tunaupita kila siku bila kuusalimia. Kiswahili kinaweza kulichukua tendo na kulirudisha nyuma ndani ya neno lile lile. Funga, fungua. Ziba, zibua. Tega, tegua. Panga, pangua. Fukia, fukua. Chomeka, chomoa. Vaa, vua. Walimu wa sarufi wanaita kauli ya kutendua, yaani unakitenda kitu kisha unakitendua. Si sisi peke yetu. Ni urithi wa lugha za Kibantu. Mkikuyu akifunga mlango anasema *hinga*, akiufungua *hingura*. Mtoto wa kwetu ana ufunguo huu mdomoni tangu anaanza kuongea, halafu tunamletea chati ya twiga na kuku!

Na kuna sababu ya mtoto kukwama kwenye chati. Nikiwa chuo, kwenye somo moja la lugha, tulisoma habari ya watafiti wawili, Margaret Donaldson na George Balfour. Mwaka 1968 walichapisha utafiti wao waliouita kwa maana ya "pungufu ni zaidi". Waliwaonyesha watoto wadogo, wengi wa miaka mitatu na nusu hivi, miti miwili ya kadibodi yenye tofaa za kutundika, wakawauliza ni upi wenye tofaa pungufu. Watoto wengi walionyesha ule wenye tofaa nyingi! Watafiti wa baadaye walibishana sana kuhusu maelezo yake, lakini kisa chenyewe kinatufaa wazazi. Maneno mawili yaliyo kinyume yanafanana karibu kila kitu. Kubwa na dogo yote yanazungumzia ukubwa. Moto na baridi yote ni habari ya joto. Tofauti ni upande tu. Kwa hiyo mtoto anayechanganya nyingi na chache ameshafika nusu ya njia, ameshajua habari ni ya idadi. Mwenzangu, usimkaripie. Hata sisi wakubwa tunaegemea upande mmoja. Tunauliza "una urefu gani?" Nani amewahi kukuuliza una ufupi gani?

Ikafika siku ya nne, jioni. Mkeka umekunjuliwa chini ya mwembe, watoto sita wamekaa, bibi katikati anamenya mihogo. Akaanzisha mchezo. Yeye anataja neno, wao wanalirudisha.

"Funga!"

"Fungua!"

"Kunja!"

"Kunjua!"

"Anika!"

"Anua!" Na wangu ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Nikajisikia fahari, nikatoa simu nirekodi nimtumie mwalimu.

Mchezo ukanoga, watoto wakaanza kubuni yao. Mmoja akasema "pika", mwingine akajibu "pikua", wakaangua kicheko. Bibi akawaambia wali ukishaiva haurudi kuwa mchele. Ni kweli, mpenzi msomaji, si kila tendo linatenduka, na si kila neno lenye mkia wa -ua ni kinyume. Chagua si kinyume cha chaga. Tambua si kinyume cha tamba. Mtoto akikosea hivyo ujue ameshaikamata kanuni, anaipima tu inafika wapi.

Ndipo binti yangu akasimama, mikono kiunoni.

"Mimi najua lingine! Nuna!"

Watoto wakanyamaza. Hawakuwa nalo.

"Nunua!" akajijibu mwenyewe.

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka simu ikatikisika. Bibi naye alicheka, kisha akamuuliza kwa upole, "Nani kakufunza hilo, mume wangu mdogo?"

"Ndiyo hivyo, bibi. Mama akinuna, baba ananunua. Halafu mama hanuni tena."

Kicheko kikanikauka. Simu bado inarekodi. Na mbele yangu mama mzaa chema, kisu mkononi, muhogo umemenywa nusu.

Ngoja nikwambie ukweli, maana safu hii tumezoea kuambiana ukweli. Ukija nyumbani kwetu utasifia. Friji ya milango miwili: hiyo ni ile mara alipokaa siku tatu safari ya kazi bila kupiga simu. Kochi la kona: alisahau siku ya kumbukumbu ya ndoa, nikanuna wiki nzima. Mkufu wangu wa dhahabu, simu ninayoandikia makala haya, kila kimoja kina ugomvi wake. Si ugomvi hata, maana hatugombani. Mimi nanuna, yeye ananunua, mambo yanaisha. Marafiki zangu wananiambia nimepata mume, na mimi nilikuwa nakubali. Nitasema na langu: ilifika mahali nilijua kabisa nuno la siku mbili linaleta nini na la wiki linaleta nini.

Safari hii lilikuwa kubwa. Tulikuwa tunaweka akiba ya kiwanja, mwaka wa tatu huo. Mwezi uliopita nikaona meseji kwenye simu yake, nikajua sehemu kubwa ya pesa ile amemkopesha rafiki yake wa biashara. Hakuniambia. Sikuuliza, nikanuna. Wiki moja, mbili. Wiki ya tatu akaja na simu mpya kwenye boksi, akaiweka juu ya mto wangu. Pesa ya kiwanja imekwenda, na sisi tunanunua simu! Nikaichukua, nikaiwasha, na kwa mara ya kwanza nuno halikuisha. Ndipo nikafunga begi la Kilole.

Usiku ule watoto wamelala, tukabaki wawili kibarazani, yeye anachambua maharage.

"Mwanangu, mwagombana?"

"Hapana mama. Hatugombani."

"Hapo ndipo tabu ilipo. Mkigombana mtasikizana japo kwa kelele."

Nikanyamaza. Akaendelea kuchambua.

"Yule nimemzaa mimi, namjua. Na baba yake alikuwa vile vile, Mungu amrehemu. Kila akinikosea aja na doti ya kanga. Hasemi neno, aiweka kitandani atoka. Nna sanduku limejaa kanga, wataka nikufungulie uone? Zote nzuri. Neno nililolitaka sikulisikia mpaka twamzika."

Sikuwa na la kujibu. Akatupa jiwe dogo la kwenye maharage nje, gizani.

"Mtoto kakosea pale. Kinyume cha kununa ni kukunjua uso. Na uso haukunjuliwi dukani, waona?"

Mpenzi msomaji, fikiria. Tunasema mtu amekunja uso, tunasema amekunjua uso. Neno lile lile la mkeka. Mtoto alilijua jioni ile, alilipigia kelele na wenzake. Ila nyumbani kwake hakuwahi kuona uso ukikunjuliwa kwa namna nyingine yoyote. Ameona boksi likifunguliwa, akaandika kamusi yake kwa alichokiona. Angefanyaje?

Jumamosi baba mtoto akaja. Tulipomaliza kula mama mkwe akatutuma sokoni, wote wawili, kununua vitu ambavyo ndani vilikuwepo. Tukatembea. Nikamwekea ile rekodi. Alipofika kwenye "nunua" alicheka kama nilivyocheka mimi, na kicheko kikamkauka kama kilivyonikauka mimi.

"Kumbe anaona," akasema.

"Anaona."

Basi nikasema. Si kwa ufasaha, mniamini, digrii ya mawasiliano haikunisaidia. Nikamwambia pesa imeniuma, lakini kilichonikata ni kujua kwa meseji ya mtu mwingine. Nikamwambia pia kwamba nilinuna wiki tatu wakati ningeweza kuuliza siku ile ile, na hapo nilimkosea. Yeye akasema aliona aibu, rafiki yake alimlilia, akadhani pesa itarudi kabla sijajua. Biashara imekufa. Akasema samahani. Tumeoana miaka saba na nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho kulisikia neno hilo bila kitu mkononi. Sikukumbuka.

Sitaki kukudanganya kwamba tumemaliza. Kiwanja hatuna, na sidhani kama pesa ile itarudi yote. Kuna jioni bado nahisi uso unajikunja wenyewe. Tumekubaliana jambo moja tu: mwenye nuno aseme nuno ni la nini kabla ya kulala, na mwenye kosa asipite dukani. Simu mpya tumeiuza. Hii naandikia ile ya zamani, ya mkufu... samahani, ya mwaka juzi. Unaona? Hata mimi nachanganya ugomvi upi ulileta nini.

Sasa, kwa wenye watoto wadogo, nisikuache mikono mitupu. Haya ndiyo niliyotoka nayo Kilole.

Mpe mtoto kazi yenye pande mbili. Avae na avue viatu mwenyewe, atandike na atandue, ajaze kikombe maji akimwage, akunje nguo na kuzikunjua. Wewe sema neno wakati mkono wake unatenda. Dakika tano wakati wa kuoga zinatosha kwa "maji ya moto, maji ya baridi". Usisahau vuguvugu, ajue kwamba kuna maneno yana katikati, na mengine, kama funga na fungua, unachagua upande.

Anza na linaloshikika. Mzigo mzito na mwepesi mkononi, kabla ya ukweli na uongo. Mfuko wa unga na mfuko wa mkate, abebe vyote aseme mwenyewe.

Akijibu vibaya, uliza "kwa nini?" Aliyesema kinyume cha mchana ni kulala hakuwa mjinga. Kwake mchana unaishia pale.

Na angalia unachokiweka pande mbili. Chati yangu ilikuwa na mvulana upande huu na msichana upande ule. Kinyume gani hicho? Wanakula ugali mmoja, wanacheza mkeka mmoja. Wala baba si kinyume cha mama. Mtoto akikua anaamini hivyo, ataingia kwenye ndoa yake akitafuta nani ashinde.

La mwisho, ndilo lililonileta hapa: mtoto hasomi chati tu. Anatusoma na sisi. Ukitaka kujua nyumbani kwako kinyume cha hasira ni nini, kinyume cha kosa ni nini, muulize yeye. Keti kwanza.

Jumatatu tumerudi chekechea. Mwalimu akamshika mkono, akamuuliza mbele yangu. Kubwa? Dogo. Mchana? Usiku. Funga? Fungua. Nikatabasamu, nikaanza kuondoka.

"Na kinyume cha ndiyo?"

"Subiri kwanza."

Mwalimu akanigeukia. Nikamwambia hilo ni la kwetu wazazi, tunalifanyia kazi.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa. Fungate zipo palepale.